Mgema Anasifiwa, Elimu Yake Inamwagika

Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huikariri tangu shule ya msingi, huiandikia insha katika shule ya upili, na hufika nayo chuo kikuu. Hata hivyo, ukimuuliza mgema hugema nini, kwa kifaa gani, na mnunuzi ataijuaje hila ya maji, aghalabu utajibiwa kwa kimya. Wapo hata waliowahi kunieleza kwamba methali hii yamhusu ndovu.

Dai langu leo ni jepesi kulisema. Mvinyo wetu wa minazi na mikoma una elimu yake kamili ya kuuchagua, kuununua na kuuhifadhi nyumbani, na elimu hiyo imo ndani ya maneno. Yakipotea maneno, hupotea pamoja nayo uwezo wa kupambanua kinywaji chema na kibaya.

Tuanze na majina. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, ambao merikebu zao zilifika Malindi mwaka 1498. Divai asili yake ni Kifaransa, nalo wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wamelitumia. Wageni hawa wawili wamepewa heshima ya meza za hoteli na madhabahu. Tembo, neno la kwetu, limeachiwa vichaka na vichochoro. Lakini hebu itazameni methali yenyewe: husema "hulitia", wala si "humtia". Kiambishi hicho kimoja kinatuonyesha kuwa tembo hili ni la ngeli ya LI-YA, na halina uhusiano wowote na mnyama mwenye mkonga. Mwalimu anayeipita silabi hiyo bila kuieleza ameupita ulimwengu mzima.

Ulimwengu huo nimekuwa nikiutembelea katika safari zangu za utafiti wa lugha za Mto Tana. Kituo changu cha mara kwa mara ni Garsen, mji mdogo ulio kwenye njia itokayo Malindi kwenda Lamu, ambako wakulima wa Kipokomo hukutana na wafugaji wa Kiorma na Kiwardei. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wanaisimu huziweka lugha hizi mbili, pamoja na Kimijikenda na Kikomoro, katika kundi moja la Sabaki. Ukiteremka kuelekea Kipini, mto unakoingia baharini, utaiona minazi. Na katika nyanda za mto imesimama mikoma na mivumo.

Mgema wa mnazi hupanda na kotama, yaani kisu chake, na mbuu, yaani kibuyu cha kukingia. Hukata ncha ya shada la maua lingali limefumbwa ndani ya karara, akaacha utomvu udondoke. Hurudi asubuhi na jioni kuchonga upya, kwani jeraha likikauka tembo hukatika. Mnazi haufi kwa kugemwa, ila shada lililogemwa halizai nazi. Mkoma ni habari nyingine. Hapo hukatwa kilele chenyewe, penye chipukizi, na shina hilo hufa. Ni kweli kwamba mkoma huweza kuchipua tena kutoka chini, lakini ukigemwa ovyo bila kupumzishwa, kijiji hukosa si tembo tu, bali pia makoma ya kula na majani ya kusukia mikeka na vikapu. Mgema mwenye elimu hujua mti upi aukate na upi auache. Mwenye pupa huona pesa tu.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Utomvu utokapo mtini ni mtamu na karibu hauna kileo. Hamira za asili huanza kazi papo hapo, na kwa saa chache sukari hugeuka kileo, aghalabu kiasi cha asilimia 4 hadi 6, ilhali mvinyo wa zabibu mara nyingi hufikia 12 hadi 14. Baada ya siku moja hivi bakteria hukigeuza kileo kuwa asidi. Kwa hiyo mnunuzi mjuzi haulizi bei kwanza, huuliza saa. Limegemwa lini? Kisha hutazama povu, kwani tembo hai hutokota lenyewe. Likiwa jepesi mno na limepooza, maji ya methali yamo. Likiwa ni la alfajiri nalo bado ni tamu kama asali jioni, huenda limetiwa sukari.

Katika kuhifadhi, tofauti ni kubwa zaidi. Chupa ya divai yenye kizibo cha gome hulazwa mahali penye giza na baridi ili kizibo kisikauke, nayo huweza kukaa miaka. Tembo halikubali kizibo: dumu lililofungwa kabisa hufura na huweza kupasuka kwa nguvu ya hewa. Liwekwe kivulini, katika chombo safi kilichofunikwa kwa kitambaa, linywewe siku hiyohiyo. Jokofu hulichelewesha tu. Wazee wetu walilihifadhi kwa kuligeuza. Likiwa bichi walilichemsha likawa asali ya tembo. Likichacha wakalifanya siki. Na katika mapishi ya pwani likawa hamira ya mikate. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur, Mfaransa, alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto kwa kiasi hauharibiki upesi, na Wanijeria wameitumia njia hiyo kutia tembo lao katika chupa. Sisi je, tumeshindwa na nini?

Najua nitajibiwa kwamba ulevi unaangamiza vijana, na kwamba wakazi wengi wa Mto Tana ni Waislamu ambao dini yao imewaharamishia kileo. Majibu hayo nayaheshimu. Asiyekunywa asishawishiwe, na sheria ya vileo ya mwaka 2010 imepiga marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Lakini kuujua ufundi si kuulewea. Mwaka 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haina ladha ya kumwonya mnywaji, ndiyo sababu usalama wake hutegemea kujua kinywaji kimetoka wapi, kwa nani na lini. Jamii iliyosahau kuuliza maswali hayo hunywa chochote inachouziwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: methali hii isifundishwe tena bila kotama, mbuu na karara. Nanyi wanafunzi mtokao Garsen, Ngao na Kipini, likizo ijayo waendeeni wazee wenu na daftari. Waulizeni jina la kila kifaa, la kila saa ya tembo na la kila hali ya mkoma, kwa Kipokomo na kwa Kiswahili. Vitabu vyetu vingi havina maneno hayo, na wagema wanaoyajua wanazeeka.