Kununua Fuawe Iliyokwisha Tumika

Mhunzi anunuaye fuawe kuukuu hana budi kuisikiliza kabla ya kuuliza bei. Aigonge usoni kwa nyundo ndogo: ikilia kama kengele na nyundo ikaruka juu, ni dalili njema. Ikitoa sauti nzito na nyundo isiruke, huenda imepasuka, au ni chuma cha kumiminwa tu kilichopakwa rangi. Lakini fuawe za Fisher za Marekani, zenye alama ya tai, hazilii, nazo ni njema sana. Hizo zipimwe kwa mruko wa nyundo.

Fuawe nyingi za Uingereza, kama zile za Peter Wright wa Dudley, zina tarakimu tatu ubavuni. Ya kwanza huhesabu ratili 112, ya pili ratili 28, na ya tatu ratili moja moja. Basi 1-2-10 ni ratili 178, yaani karibu kilo 81, wala si mwaka wa kutengenezwa!

Kingo zilizomeguka kidogo si neno. Ya kuogopwa ni ile iliyosuguliwa kwa mashine mpaka ikang'aa. Bamba la feleji lililoungwa juu ni jembamba; likiisha kuliwa, chini yake mna chuma laini ambacho kila pigo hukibonyeza.