Mwanga Mdogo Hufichua Dosari ya Jicho
Usubi, ugonjwa uenezwao na inzi wa mito iendayo kasi, ungaliko Sudan Kusini. Mgonjwa aondokaye Uwanja wa Ndege wa Juba kwenda kupimwa macho nje yafaa aelewe kipimo chenyewe. Retina, utando wa nyuma ya jicho, hutoa umeme hafifu imulikwapo. Holmgren wa Sweden aliuona mwaka 1865. Mwanga mpana huamsha retina nzima, na kovu dogo la katikati, pale tusomeapo na kulengea shabaha, hufunikwa na uzima wa pembeni. Askari wa namna hiyo huambiwa hana ugonjwa, pengine hata kuitwa mvivu! Hapo hutakiwa doa dogo la mwanga, na pembeni huangazwa mfululizo ili mwanga utawanyikao usiiamshe.