Kartimeri imekufa? Pima kwanza

Wandugu, siku mashine ya koperative yetu iliponyamaza, fundi wa kwanza aliitazama dakika mbili tu: "Kartimeri imekufa, mutupe." Kutupa namna gani? Ndani mlikuwa vipimo vya mvua vya miaka sita, havikuandikwa pengine. Ni Pentium 4 ya zamani. Diski yake inatumia waya mpana wa IDE, na kompyuta mpya za jirani hazina pa kuuchomeka.

Mimi ni wa agronomia, si wa informatiki. Lakini mahindi yakigeuka manjano, hatumwagi mbolea mbele ya kujua kama ni azoti inakosekana ao maji yamesimama kwenye mizizi. Tukafuata njia ileile. Dalili: feni inazunguka, ekra nyeusi, sauti hakuna.

1. Umeme. Kwa multimetri, waya nyekundu na nyeusi: volti 5,1. Manjano na nyeusi: 12,1. Tofauti isipite asilimia 5, basi hapo pazima. Kisanduku cha umeme usikifungue hata kikizimwa. Ndani kunabaki umeme wa kuua.

2. Kupunguza. Tulichomoa waya ukutani, tukatoa diski, CD na kadi zote. Zikabaki prosesa na memori moja. Kimya.

3. Kutoa memori yote. Kwa kawaida kartimeri nzima italalamika kwa bipu, kama spika yake ndogo iko. Yetu, kimya. Shaka ikabaki kwa prosesa ao kartimeri yenyewe.

4. Macho. Karibu na prosesa, kondansateri tatu, vile vikopo vidogo, vilivimba kichwa. Kimoja kilitoa maji ya kahawia. Kartimeri nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 ziliugua hivyo: maji ya ndani yalikuwa mabaya, yanatoa gesi, na prosesa haipati tena umeme mtulivu.

Fundi wa redio alibadilisha vyote vitatu: mikrofaradi zilezile, volti sawa ao zaidi, vya kuvumilia digrii 105, akichunga mstari unaoonyesha upande wa hasi. Bipu moja, ekra ikawaka! Kazi ya kwanza ilikuwa kunakili mvua zetu kwenye flashi mbili.

Kwa hiyo ukiambiwa "imekufa", uliza: umepima nini? Na wewe mwenye TFC kwa mashine moja tu, nakili leo.