Pua Ikiziba Upande Mmoja, Usipuuze

Msomaji, pua yako ikiziba leo, huenda ukanunua dawa ya mafua na kuendelea na kazi. Mara nyingi hutakosea, kwani mafua huisha baada ya siku saba hadi kumi. Lakini pua ikiziba kwa wiki nyingi, tena upande mmoja tu, si jambo la kunyamazia.

Nakumbuka seremala aliyefika kwangu akilalamika kwamba tundu la kulia halipitishi hewa. Nilimpa dawa za mzio. Aliporudi nikampa za kuua viini. Mara ya tatu alisema kamasi ina damu, ndipo nikamtuma kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alikutwa na uvimbe. Nilikuwa nimechelewa kumtuma.

Kwa nini uvimbe huu hutuhadaa? Mifupa ya uso ina mapango yaliyojaa hewa. Humo uvimbe hukua kwa muda mrefu bila maumivu, na dalili zake za kwanza ni zile zile za mafua.

Tena, si kila nyama iotayo puani ni ya aina moja. Nyama za kawaida ni laini, za kijivu, kama zabibu iliyomenywa, na huota pande zote mbili, hasa kwa watu wazima wenye pumu. Hizo si kansa. Zikiwa upande mmoja, daktari sharti ashuku jambo jingine. Huenda ikawa papiloma inayokua kuelekea ndani. Hiyo si kansa, lakini hurudi shina lake likiachwa, na chache hugeuka kuwa kansa.

Mvulana anayebalehe akitokwa damu puani kila mara na pua imeziba, huenda ana uvimbe wa mishipa ya damu. Kuukata kipande kliniki kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Kwa mtoto mchanga, kinachoonekana kama nyama huenda kikawa sehemu ya ubongo iliyoshuka kupitia ufa wa fuvu. Ndiyo maana picha hutangulia kisu.

Eksirei ya kawaida haitoshi, kwa kuwa usaha na uvimbe vyote huonekana kama kivuli. Skani ya kompyuta huonyesha kama mfupa umeliwa. Lakini neno la mwisho hutoka maabara, kipande cha nyama kinapotazamwa kwa hadubini. Hata hivyo, kipande kidogo chaweza kukosa mahali penye ugonjwa. Ukiambiwa huna kitu na dalili zinaendelea, omba upimwe tena.

Mwone daktari upesi ukiona kamasi yenye damu upande mmoja, uso kufa ganzi, jicho kutokeza, kuona vitu viwili viwili, au meno ya juu kulegea bila sababu. Kansa ya nyuma ya pua huweza kuanza na sikio moja kuziba, au uvimbe shingoni usiouma, ambao ni rahisi kudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Nanyi maseremala, fungeni pua na mdomo kwa kizuizi cha vumbi kinachofaa. Tangu mwaka wa 1995 vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa vitu vinavyosababisha kansa.

Mara nyingi ni mafua tu. Lakini ukinunua dawa ile ile mara ya tatu, acha duka uende hospitali.