Barua ya mtaalamu mshauri: kwa nini wenye uzoefu huachwa nje

Tangazo la kumtafuta mtaalamu mshauri husomwa na wengi kama tangazo lolote la kazi, na hapo ndipo hasara huanza. Mwalimu aliyesimamia tafiti za vijijini kwa miaka kumi, muuguzi aliyewafundisha wahudumu wa afya wa vilimani, mkalimani aliyefanya kazi katika kambi za wakimbizi, wote huandika barua ileile waliyofundishwa shuleni: anwani juu, mstari wa kutaja jambo, salamu, ombi la unyenyekevu, shukrani za mapema. Barua huwa safi, haina kosa la sarufi, na haimpi anayeisoma sababu hata moja ya kumwita aliyeiandika.

Mwajiri wa kudumu hutafuta mtu wa kukaa naye, na yuko radhi kumfundisha asichokijua. Anayetafuta mtaalamu mshauri ananunua kazi mahususi, yenye siku zinazohesabika na matokeo yaliyokwisha kuandikwa: ripoti, mafunzo, tafsiri, au mpango wa biashara. Katika mashirika mengi shughuli hiyo hupitia idara ya manunuzi, wala si idara ya utumishi. Jambo hilo, ambalo waombaji wachache hulitilia maanani, hueleza mengi kuhusu namna barua itakavyosomwa.

Mfano ulio wazi ni wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP. Matangazo yake mengi ya mikataba ya mtaalamu mmoja mmoja yamekuwa yakieleza bayana jinsi alama zinavyogawanywa: mara nyingi 70 kwa uwezo wa kitaalamu na 30 kwa gharama. Asiyefikisha asilimia 70 ya zile alama za kwanza, yaani 49 kati ya 70, bei yake haifikiriwi kabisa. Anayepita hupimwa bei kwa hesabu nyepesi: bei ya chini kuliko zote hugawanywa kwa bei ya mwombaji, kisha jibu huzidishwa kwa 30. Kama bei ya chini ni dola 6,000 na mwombaji ameomba dola 8,000, atapata alama 22.5. Amepoteza saba na nusu tu. Hesabu hiyo yafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kujishusha bei ndiyo njia ya kupata kazi. Alama zote 30 za gharama haziwezi kumwokoa mtu ambaye hakuvuka 49 za utaalamu, na hizo 49 hutafutwa kwanza katika karatasi alizotuma.

Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa barua si mkurugenzi anayengoja kuvutiwa. Ni mjumbe wa kamati mwenye jedwali mbele yake, lundo la maombi, na muda mfupi wa kuyamaliza. Jedwali lina vigezo vilivyonakiliwa kutoka katika hadidu za rejea, zile ambazo wengi mjini Bujumbura huziita kwa kifupi TDR. Mjumbe anatafuta mahali pa kuweka alama. Barua inayomwonyesha mahali hapo humpunguzia kazi. Barua inayolisifu shirika lake humchelewesha.

Tangazo la kubuni, lakini linalofanana na mengi ya ukanda wa Ziwa Tanganyika, litasaidia kulionyesha jambo hili. Mradi wa vikundi vya akina mama wanaokausha ndagala huko Rumonge unafikia mwisho wake, na mfadhili anataka tathmini ya mwisho. Kazi ni ya siku 30. Anayehitajika awe na shahada ya pili au uzoefu unaolingana nayo, awe amefanya angalau tathmini mbili za aina hiyo, aweze kuwahoji watu kwa Kirundi na Kiswahili, na aandike ripoti kwa Kifaransa.

Barua ya kawaida ingeanza hivi: "Nina heshima kubwa kuwasilisha kwenu ombi langu la nafasi iliyotajwa hapo juu. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na ninaweza kufanya kazi peke yangu au pamoja na wenzangu. Ninaamini kwamba elimu na uzoefu wangu vitakuwa na manufaa makubwa kwa shirika lenu tukufu." Sentensi tatu zimekwisha, na mjumbe wa kamati bado hana pa kuweka alama. Uaminifu haumo katika jedwali lake, na hata ungekuwemo, hauthibitishwi kwa kutajwa.

Mwombaji huyohuyo angeweza kuandika: "Nimeongoza tathmini ya mwisho ya miradi miwili ya kipato cha wanawake, mmoja Makamba mwaka 2019 na mwingine Rumonge mwaka 2022. Katika huo wa pili niliwahoji wanachama 64 wa vikundi, nusu yao kwa Kirundi na nusu kwa Kiswahili, kisha nikaandika ripoti ya kurasa 38 kwa Kifaransa. Shahada yangu ni ya kwanza, katika sayansi ya kilimo. Pamoja nayo ninaleta miaka tisa ya ufuatiliaji wa miradi, kwa kuwa hadidu zenu zinakubali uzoefu unaolingana. Ninaweza kuanza katika tarehe mliyoitaja."

Hapa vigezo vyote vimejibiwa, kimoja baada ya kingine, bila sifa hata moja. Ule upungufu wa shahada ya pili haukufichwa wala haukuombewa radhi. Umewekwa palepale ambapo tangazo lenyewe limefungua mlango. Wengi hufanya kinyume. Huficha pengo wakitumaini kwamba halitaonekana, na mjumbe wa kamati, ambaye kazi yake ni kutafuta mapengo, huliona na kulihesabu kama jibu lililokosekana. Kudanganya nako hakufai kitu, kwa sababu wadhamini waliotajwa katika wasifu huweza kupigiwa simu.

Kuna wanaoona haya kuandika namna hiyo. Mtu aliyelelewa katika jamii ambamo anayejitaja sana huonekana hana adabu hupata tabu kuandika "niliongoza" pale alipozoea kusema "tulishirikiana". Ugumu huo ni wa kweli na haustahili kubezwa. Lakini kusema kwamba watu 64 walihojiwa si majivuno, ni ushahidi. Majivuno ni kujiita hodari. Na kama kazi ilifanywa na watu watatu, barua iseme hivyo, kisha itaje sehemu ambayo mwombaji aliibeba mwenyewe.

Baada ya ushahidi wa yaliyopita, aya inayoweza kumtofautisha mwombaji na wenzake ni ile inayoonyesha kwamba ameielewa kazi iliyo mbele. Haihitaji kuwa ndefu. Katika mfano wa Rumonge, mtu anayelijua ziwa angeandika kwamba ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupata kidogo, hivyo kipato cha wakaushaji hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja. Mtathmini atakayefanya mahojiano yote katika wiki moja atarudi na picha ya uongo, nzuri mno au mbaya mno. Angependekeza basi mahojiano yagawanywe mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, jambo linalowezekana ndani ya siku 30 zilizotolewa. Aya kama hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka katika barua ya mtu mwingine, na mjumbe wa kamati huitambua mara moja.

Suala la lugha linahitaji neno la peke yake, hasa kwa wazungumzaji wa Kiswahili nchini Burundi. Waliokulia Buyenzi, Rumonge au Nyanza-Lac mara nyingi huorodhesha Kifaransa na Kirundi, wakaongeza Kiingereza hata kama ni cha kubahatisha, na Kiswahili wakakiacha au kukiweka mwisho kabisa. Sababu inaeleweka: lugha hiyo wameipata sokoni, gereji na msikitini, na hawakupewa cheti kwa ajili yake. Lakini kwa shirika linalofanya utafiti Uvira, Bukavu au Kigoma, au katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, mtu asiyehitaji mkalimani ana thamani inayohesabika kwa fedha, kwa kuwa malipo na siku za mkalimani hutoka katika bajeti hiyohiyo. Kukiacha Kiswahili ni kuacha alama mezani.

Hata hivyo, kuandika "Kiswahili: vizuri sana" hakutoshi. Barua ieleze kilichofanywa kwa lugha hiyo: mikutano iliyoongozwa, madodoso yaliyotafsiriwa, mahojiano yaliyonukuliwa. Na ipambanue aina ya Kiswahili. Kile kinachomfungua mdomo mvuvi wa Rumonge au mfanyabiashara wa Uvira sicho kile kinachohitajika katika waraka utakaosomwa na maofisa wa Dodoma. Anayemudu vyote viwili avitaje vyote. Anayemudu kimoja aseme ni kipi, kwa maana mteja atakayegundua tofauti hiyo baada ya kutia saini hatarudi tena.

Si kila mwajiri hutumia utaratibu wa UNDP. Katika miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia, mtaalamu mshauri mmoja mmoja kwa kawaida hatakiwi kuwasilisha pendekezo la kiufundi wala la bei katika hatua ya mwanzo. Wanaoonyesha nia hulinganishwa kwa sifa na uzoefu wao, kisha aliyechaguliwa huitwa kujadiliana kuhusu mkataba na malipo. Hapo barua ya kuonyesha nia na wasifu ndiyo yote ambayo kamati inayo mkononi.

Tofauti zaidi ni ajira ya kudumu ndani ya kampuni ya ushauri, mfano Deloitte, PwC au KPMG, ambazo zina ofisi Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki. Huko hakuna hadidu za rejea za kujibu. Barua hutafuta kuonyesha namna mtu anavyofikiri: tatizo gani alilikuta, alilichambuaje, kilibadilika nini. Mwombaji anayesimulia jinsi alivyogundua kwa nini ghala la ushirika lilikuwa likipoteza magunia atasikilizwa kuliko anayesema anapenda changamoto.

Kuhusu umbo, ukurasa mmoja unatosha, isipokuwa tangazo likitaka zaidi. Waliosoma kwa Kifaransa wamezoea kufunga barua kwa sentensi ndefu ya heshima inayochukua mistari miwili au mitatu. Baadhi ya waliosoma Tanzania hufunga kwa "Wako mtiifu", mabaki ya barua za ofisi za zama za Waingereza. Adabu haina ubaya, ila neno moja la heshima linatosha, na mistari iliyookolewa yafaa kwenda kwenye ile aya ya ndagala. Namba ya tangazo ni lazima iwemo, na faili libebe jina la mwombaji, si neno "barua" peke yake. Ripoti ya zamani isiambatishwe kabla ya kuangalia ni ya nani: kwa kawaida ni mali ya aliyeilipia, na anayeigawa bila ruhusa anamwonyesha mteja mpya kwamba siri zake nazo zitagawiwa. Kama ripoti ilichapishwa hadharani, kutaja mahali inapopatikana kunatosha.

Saa ya mwisho huwakwamisha wengi. Tangazo lililotolewa Nairobi likisema saa 11 jioni, kwa Bujumbura hiyo ni saa 10 jioni, kwa kuwa Burundi iko nyuma kwa saa moja. Tangazo linalotaja saa za New York humpa mwombaji wa Burundi saa sita za ziada wakati Marekani iko katika majira yake ya kiangazi, na saba katika miezi mingine, lakini intaneti na umeme havijali hesabu hiyo. Kutuma siku moja kabla ndilo jambo la busara.

Malipo ya mtaalamu mshauri kwa kawaida hujumuisha mambo ambayo mwajiriwa wa kudumu hulipiwa: bima, kodi, na wakati mwingine usafiri. Anayeandika bei ya siku kwa kugawanya mshahara wake wa zamani kwa siku za mwezi hujikuta amejipunja. Bei hiyo haiandikwi katika barua tangazo linapotaka iwekwe peke yake. Katika baadhi ya taratibu, kuitaja mapema kunatosha kumwondoa mtu.

Na ombi halilipiwi. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, iwe kupokea maombi, usaili au mafunzo. Ujumbe wa simu unaomtaka mwombaji atume fedha za "kufungua faili" hautoki kwa mwajiri, hata ukiwa na nembo ya bluu na jina la shirika lililoandikwa sawasawa.