Somo la Leo: Breki za Askari wa Mwili

 

Mnajua kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Leo tutauliza: nani huwaambia askari hao waongezeke, na nani huwaambia waache?

Mwalimu, andika ubaoni neno PROTINI. Tusome sote: pro-ti-ni.

Kila chembe ya mwili ina ngozi yake nyembamba sana. Juu ya ngozi hiyo zimesimama protini, kama vitasa mlangoni. Ufunguo ukiingia katika kitasa chake, habari hufika ndani ya chembe.

Wako askari waitwao chembe T. Askari huyu akionyeshwa kipande cha adui, haendi vitani mara moja. Hungoja amri ya pili. Amri hiyo hupokewa na protini iitwayo CD28. Akiipata, hugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Hii ni sababu moja ya matezi ya shingo kuvimba unapougua koo.

Lakini gari lisilo na breki lafaa nini? Chembe T ikisha kuamka, hutoa protini nyingine, CTLA-4. Hii huzishika funguo za CD28, na kuongezeka hupungua. Mwaka 1995 wataalamu walieleza habari za panya waliozalishwa bila CTLA-4. Askari wao waliongezeka kupita kiasi, wakashambulia hata moyo. Panya hao walikufa wakiwa na umri wa majuma matatu au manne tu.

Iko breki ya pili, PD-1. Tasuku Honjo wa Japani na wenzake waliigundua mwaka 1992. Saratani ni adui mwenye hila: mara nyingi huikanyaga breki hii, na askari hulegea. Mwaka 1996, James Allison wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba CTLA-4 ikizibwa, panya waweza kuushinda uvimbe wa saratani. Mwaka 2011 dawa ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa Marekani, kwa saratani kali ya ngozi. Mwaka 2018 Allison na Honjo walipewa Tuzo ya Nobel.

Je, breki ikilegezwa hakuna hatari? Hatari iko. Askari waweza kushambulia utumbo, ngozi au ini la mwenyewe. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa hizi akianza kuharisha, asingoje kesho. Amwambie daktari upesi. Tena, si wote wanaopona.

Sasa jibuni katika madaftari yenu:

1. CD28 hufanya kazi gani?
2. Kwa nini panya wasio na CTLA-4 walikufa?
3. Saratani huwadanganyaje askari wa mwili?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.