Kanisa la Mawe Lililosimamishwa juu ya Tope

Leo twawaalika kufuatana nasi hata nchi ya mbali, nchi ya Vietnam, iliyo ukanda mrefu na mwembamba kando ya bahari, kusini ya China. Huko wamo Wakatoliki wapatao milioni saba, na majengo yao yafaa kutazamwa na kila mtu apendaye kazi ya uashi na useremala, awe Mkristu au asiwe.

Msafiri wa namna hiyo, akishuka Vietnam, mara nyingi huanza kwa mji wa Saigon, ambao tangu mwaka wa 1976 waitwa Mji wa Ho Chi Minh. Ataongozwa moja kwa moja mpaka Kanisa Kuu la Bikira Maria. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1877, wakati Wafaransa walipokuwa wakitawala, na katika Aprili 1880 likabarikiwa. Ramani ilichorwa na Mfaransa, Jules Bourard, na vifaa vililetwa kwa meli toka Ufaransa. Matofali mekundu yalitoka Marseille. Hayakupakwa chokaa wala simenti kwa nje, na hata leo rangi yake haijafifia. Minara miwili haikuwa na ncha hapo mwanzo. Ncha za chuma ziliongezwa mwaka wa 1895. Kando yake ipo Posta Kuu, iliyojengwa kati ya 1886 na 1891. Waongoza wageni wengi hupenda kusema kwamba posta hiyo ni kazi ya Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris. Hayo ni maneno ya kuvutia wageni tu: aliyeichora ni Alfred Foulhoux.

Hatulidharau kanisa la Saigon. Ni zuri, nalo limejengwa kwa uangalifu. Lakini sisi tuliolelewa katika misioni, tukisali tangu utoto katika makanisa ya matofali mekundu yenye madirisha ya ncha, tukiitazama picha yake twaona kama tunalifahamu tayari. Ni mgeni aliyewasili na sanduku lake, na kila alichohitaji kilikuwa ndani ya sanduku hilo. Mwanafunzi mwenye akili ataweza kuuliza: Je, watu wa nchi ile hawakuwa na namna yao ya kujenga?

Walikuwa nayo, tena ya zamani sana. Mjini Hanoi, kaskazini, lipo Hekalu la Elimu, lililowekwa mwaka wa 1070 kwa heshima ya Confucius, mwalimu mkuu wa Wachina. Miaka sita baadaye likapata chuo ndani yake. Mtu hupita ua baada ya ua, zote tano, na katika mmojawapo aona mabamba 82 ya mawe, kila bamba likibebwa mgongoni na kobe wa jiwe. Juu yake yamechongwa majina ya wale walioshinda mitihani mikubwa ya ufalme kati ya 1442 na 1779. Siku hizi wanafunzi walikuwa wakija kuwapapasa kobe vichwa kabla ya mitihani, wakitumaini bahati, mpaka ikawa lazima kuwazungushia ua. (Tunawaomba vijana wetu wasitafute kobe, wafungue madaftari.)

Katika mji huo huo wa Hanoi ipo nyumba ndogo ya ibada ya Wabuda iliyosimama katika kidimbwi juu ya nguzo moja tu, mfano wa ua la yungiyungi juu ya maji. Ilijengwa mara ya kwanza mwaka wa 1049. Mwaka wa 1954 askari wa Ufaransa waliokuwa wakiondoka waliibomoa, na mwaka uliofuata ikajengwa tena. Basi namna ya wenyeji ndiyo hiyo: nguzo za mti mgumu, mapaa mazito ya vigae yanayoshuka chini ili kuzuia mvua na jua, na pembe za paa zilizokunjwa kuelekea juu kama ncha za mtumbwi.

Sasa tuondoke Hanoi, tuelekee kusini, yapata kilometa 120, mpaka Phát Diệm, katika nchi ya Kim Sơn, karibu na bahari. Hapo ndipo tulipotaka kuwafikisha.

Nchi ya Kim Sơn si ya zamani. Ilikuwa tope la bahari. Mwaka wa 1829 mkubwa mmoja wa mfalme, jina lake Nguyễn Công Trứ, aliwaongoza watu kujenga maboma ya udongo ya kuzuia maji ya chumvi na kuchimba mifereji iliyonyoka. Pale palipokuwa na matope pakawa na mashamba ya mpunga na majani ya kusukia mikeka. Lakini chini ya mashamba hayo tope lilibaki tope. Hakuna mlima wa mawe karibu, hakuna msitu wa miti mikubwa. Mtu akitafuta mahali pabaya pa kusimamishia jengo la mawe, hakika asingepata pabaya kuliko hapo.

Katika mwaka wa 1865 paroko mpya alifika Phát Diệm. Jina lake Petro Trần Lục, mwana wa nchi hiyo hiyo, aliyezaliwa mwaka wa 1825. Watu walimwita Cụ Sáu, maana yake Mzee Sita, na jina hilo lina habari yake. Enzi za mfalme Tự Đức Wakristu waliteswa. Trần Lục alikamatwa alipokuwa bado shemasi, akapelekwa uhamishoni Lạng Sơn, karibu na mpaka wa China. Wasomaji wetu wajua kwamba siku zile ngazi za kupanda hata ushemasi zilihesabiwa sita; ndiyo sababu mashemasi wa Vietnam waliitwa kwa hesabu hiyo. Mwaka wa 1860 alipata upadri, lakini jina la mfungwa likamshika mpaka kufa.

Padri huyu hakusoma kazi ya ujenzi katika chuo cho chote. Lakini alikuwa ameona mahekalu na majumba ya kukutania ya vijiji vya kwao, naye alijua watu wake wanapopenda kukaa na jinsi wanavyoheshimu mahali. Mwaka wa 1875 alianza kazi, na ikaendelea muda wa miaka ishirini na minne.

Jambo la kwanza lilikuwa msingi. Maelfu ya mianzi yalishindiliwa katika tope, na juu yake yakamwagwa mawe na udongo, tabaka juu ya tabaka. Upande wa kaskazini wa uwanja vipo vilima vitatu vya mawe vilivyotengenezwa kwa mikono, vyenye mapango. Na yasimuliwa kwamba Padri aliviweka kwanza kusudi apime ardhi, aone kama itazama kwa uzito. Mawe yalitoka milima ya mbali, mengine kilometa thelathini, na marumaru kutoka mkoa wa Thanh Hóa kilometa sitini. Miti mikubwa ilitoka mbali zaidi, ikaletwa kwa njia ya mito. Mashine hazikuwako. Palikuwa na mashua, kamba, magogo ya kuviringishia, nyati na mabega ya watu.

Mwaka wa 1883 likasimama kanisa dogo la Moyo wa Maria, ambalo wenyeji huliita kwa kifupi kanisa la mawe, maana lote ni mawe: kuta, nguzo, sakafu, hata fito za madirisha. Mafundi walichonga humo msonobari, mwanzi na maua ambayo watu wa nchi hiyo huyatumia kama mfano wa majira ya mwaka na wa tabia njema. Walichonga simba pia, na ndege wa hadithi zao. Mawe yamechongwa kwa wembamba hata yafanana na mbao.

Kisha, mwaka wa 1891, likasimamishwa kanisa kubwa lenyewe, lililowekwa chini ya jina la Bikira Maria wa Rozari. Urefu wake ni meta 74, upana 21, na kimo 15. Kwa mbele ipo milango mitano ya mawe yaliyochongwa, na juu yake minara yenye mapaa yaliyokunjwa pembe. Lakini mtu akiingia ndani, jiwe lakwisha, mti waanza. Nguzo 48 za mti mgumu mno zabeba paa, zikisimama kwa safu sita. Zile za katikati zina urefu wa meta 11, na mtu mmoja akizikumbatia mikono yake haikutani. Altare ni jiwe moja la meta tatu. Hakuna kuta nzito za kubeba paa kama kwa Wazungu; nguzo ndizo zibebazo, kama katika nyumba yo yote ya kijiji cha Vietnam, ila tu hapa nyumba imekuzwa hata kutosha maelfu ya watu. Mkulima aingiaye humo haoni ugeni. Ni nyumba ya baba yake, iliyofanywa kubwa.

Hapa tutasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili laweza kuchukuliwa vibaya. Wako wasemao kwamba Trần Lục alilivika Kanisa vazi la wapagani. Tazameni lakini mnara wa kengele, uitwao Phương Đình, ulio mbele ya kanisa. Ulimalizika mwaka wa 1899. Una meta 25 kwenda juu na orofa tatu, na mtu wa mbali hudhani ni lango la hekalu. Basi kwenye pembe zake nne zimesimama sanamu za Wainjili wanne. Chini yake pana kitanda kikubwa cha jiwe moja, laini kama kioo, na husimuliwa kwamba wakubwa wa serikali wasio Wakristu walikaribishwa hapo kutazama sherehe. Juu ipo kengele ya shaba iliyosubuwa mwaka wa 1890, yenye uzito unaokaribia tani mbili. Kwa kuipandisha, wasema wazee wa huko, watu walirundika udongo kuzunguka mnara ukawa kama kilima, wakaiviringisha mpaka juu, kisha wakauondoa udongo wote. Mfuasi wa Confucius alikuta humo heshima aliyoizoea, na Mkristu alikuta imani yake kamili. Kwa maoni yetu hilo si vazi la kuazima hata kidogo.

Padri Trần Lục alifariki katika Julai 1899, mwaka ule ule wa kumaliza mnara. Kaburi lake liko kati ya mnara na kanisa, mahali ambapo kila aingiaye hupita karibu naye.

Mbegu yake haikukaa bure. Mwaka wa 1933, kule Roma, Papa Pius wa 11 alimweka wakfu Nguyễn Bá Tòng, askofu wa kwanza wa taifa la Vietnam, na mji alioupewa ni Phát Diệm. Lakini baadaye siku zikawa mbaya. Katika Desemba 1951 vita kati ya Wafaransa na Việt Minh vilifika mpaka mjini. Mwandishi Graham Greene wa Uingereza, Mkatoliki, alikuwako, na aliyoyaona akayatia katika riwaya yake ya mwaka wa 1955, ambamo mwanahabari atazama mapigano kutoka mnara wa kengele. Mwaka wa 1954 nchi ikagawanyika sehemu mbili. Watu zaidi ya laki nane wa kaskazini wakahamia kusini, wengi wao Wakatoliki, na vijiji vya Phát Diệm vikapungukiwa na watu na mapadri. Mwaka wa 1972 mabomu ya Marekani yakaanguka juu ya uwanja wa kanisa na kuubomoa upande mmoja. Waliobaki wakatengeneza. Huwezi kuagiza toka Marseille mti wa nguzo kama zile.

Vita havikuyahurumia majengo ya dini nyingine. Kule Mỹ Sơn, katikati ya nchi, mahekalu ya matofali ya Wacham, ambayo ya kwanza yalianzishwa katika karne ya nne, yaliangushwa na mabomu mwaka wa 1969, na lile lililokuwa refu kuliko yote likaanguka pamoja nayo. Mpoland mmoja, Kazimierz Kwiatkowski, alitumia miaka mingi kuyaokoa yaliyobaki, akafa mjini Huế mwaka wa 1997 akiwa bado kazini.

Ili tusionekane kusema kwamba Mzungu hawezi kujenga kwa namna ya wenyeji, tutaje kanisa moja tena. Lipo Kon Tum, katika milima ya kati, ambako wakaa Wabahnar, watu wa nyumba ndefu zilizoinuliwa juu ya miguu ya miti. Padri wa Ufaransa alilianza mwaka wa 1913, likamalizika 1918. Limeinuliwa kama nyumba za Wabahnar. Lote ni mti, tena mti mweusi ung'aao kwa ndani. Na kuta zake, ambazo wageni huzigusa wakistaajabu, zimekandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kazi ambayo kila mama wa vijijini kwetu angeweza kuwaeleza jinsi inavyofanywa. Misa husomwa humo hata leo.